Ombi la Kurudishiwa Meya Wetu, Ognyan Pashev

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge,
Sofia.

Mheshimiwa Spika,

Naandika nikiwa na akili zangu timamu, na jirani yangu Penka, nesi mstaafu, yuko tayari kulithibitisha hilo. Mimi ni Zdravka Mineva, mshona nguo wa mji wa Gorna Vrana. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mpinzani mkuu wa meya wetu, Ognyan Pashev. Sasa mnaye ninyi huko, ni mbunge. Naomba mturudishie. Sababu zangu ni hizi:

1. Alipokuwa meya, kila Jumanne nilikwenda ofisini kwake kulalamika: taa za mtaani, mbwa wa sokoni, shimo la mbele ya kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa sauti iliyofika hadi duka la mikate. "Dada Zdravka, shimo hilo lilikuwepo kabla hujazaliwa." Nami nikamwambia, "Na wewe utaliacha hivyo hivyo mpaka nife, Meya." Tulikuwa tukiachana hapo kila mmoja ana hamu ya kula.

2. Kumpeleka bungeni lilikuwa wazo langu. Nilimpigia kampeni nyumba kwa nyumba, ili tu aondoke mjini. Nilimsifu mpaka nikaanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe. Akashinda kwa kishindo. Hili silalamikii, nalitaja ili mjue nina haki juu yake.

3. Meya mpya, binti Ralitsa, hafai kabisa. Nililalamika kuhusu lile shimo siku ya Jumatatu, Jumatano likawa limezibwa. Nikalalamika kwamba limezibwa haraka mno. Akaniomba radhi na kuniletea maua. Mheshimiwa, utagombana vipi na mtu wa namna hiyo? Siku hizi Jumanne nakaa nyumbani nachoma pilipili hoho na kubishana na redio.

4. Ninyi wenyewe hamumtumii. Naangalia Bunge kwenye televisheni tangu asubuhi. Pashev, aliyekuwa akisikika juu ya ngurumo ya trekta, amewekwa kiti cha nyuma kabisa, anabonyeza kitufe cha kura pale chama kinapomwambia abonyeze. Wiki iliyopita nilimwona akimmenyea mwenzake chungwa.

5. Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda kumwona. Nilimkuta kwenye ujia wa Bunge, tai imemkaba, amepungua. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada Zdravka, taa ya mtaani kwako imezimika tena?" Aliuliza kwa matumaini.

"Inawaka, Meya. Zote zinawaka."

"Na lile shimo?"

"Limezibwa."

Akatazama viatu vyake. Nilikuwa nimekwenda kumfokea, nikakosa pa kuanzia. Tukanywa kahawa ya mashine tumesimama, kama watu wa msibani. Kwenye treni nililia mpaka kondakta akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, na meya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mwachieni arudi. Kama sheria inadai mbadala, mchukueni Ralitsa. Ndani ya mwezi mmoja nchi nzima itakuwa imezibwa, na raia wote watakaa nyumbani kama mimi, hawana la kusema.

Nisalimie wabunge wote, hata wale niliowanyima kura, makarani, na yule mama wa mlangoni aliyenishikia koti.

Wako mtiifu, asiye na wa kugombana naye,

Zdravka Mineva

N.B. Kabla sijafunga bahasha: Pashev amefika sasa hivi. Anasema amewaandikia kujiuzulu na atagombea tena umeya. Hata mizigo hajashusha, akasimama chini ya dirisha langu akautangazia mtaa mzima kwamba balkoni niliyoiziba kwa vioo ni kinyume cha sheria na ataibomoa. Tafadhali msimkubalie kujiuzulu. Mtu mwenye kipaji kama kile ni wa taifa, si wa mji mdogo kama huu. Niwie radhi kwa mwandiko, naandika nimesimama, kwa sababu yuko pale chini ananingoja nimjibu.