Vita vya Koki ya Katikati ya Nyasi

Sogeeni, enyi wajukuu, wakwe na majirani wenye masikio, na aliyeacha chungu motoni akaepue kwanza, maana nitakayosimulia si ya kusikiliza huku umesimama mlangoni: ni vita ambavyo ndani yake mjukuu wangu, Jemadari wa Birika, binti msomi wa usimamizi wa bustani na viwanja vya michezo, aliifunga koki ya maji. Naam, koki.

Chuo kilimpeleka bustani ya umma akajifunze kazi, na huko akakabidhiwa silaha: birika, sukari na vikombe vya wakubwa. Elimu gani hiyo! Msimu mzima akachemsha chai, hata mvuke ukamzoea. Ikawadia siku ya mwalimu kuja kumkagua. Asipomwona akitenda jambo moja la bustani kwa mikono yake, basi mwaka wote arudie.

Asubuhi hiyohiyo Mkuu wa Bustani, Simba wa Kiti cha Kuzunguka, kwa kumwogopa mgeni, akasimika bango: MARUFUKU KUKANYAGA NYASI. Kumbe mtunza bustani alikwisha kuifungua koki iliyo katikati ya nyasi hizo. Maji yakabubujika, yakateka njia, yakazingira bembea, yakavilamba viatu vya Mkuu.

Wakubwa wakajipanga ukingoni kama majeshi yaliyokosa daraja.

"Mzee, niingie niifunge?" akauliza mtunza bustani.

"Uingie wapi? Huoni bango?" Mkuu akanguruma. "Sheria niliyoisimika asubuhi, niivunje kabla ya mchana? Nitaitwa nani mimi?"

"Basi tuogelee, mzee."

"Chunga ulimi wako! Tutaunda kamati."

Nami, niliyekuja kumwona mjukuu akikaguliwa, niko benchini, miguu nimeipandisha juu, nawatazama watu wazima na suti zao, wameshindwa na bomba.

Ndipo mwalimu akatokeza langoni. Jemadari, sinia mkononi, akamwendea Mkuu, akapiga goti kwa adabu zote nilizomfunza.

"Shikamoo, mzee. Hebu nishikie."

Simba akapokea sinia, na kwa kuchelea kumwaga chai, akashindwa hata kuinua kidole. Binti akavua viatu, akakunja sketi, akayakata maji juu ya nyasi. Ile koki yenye kutu ikagoma, ikalia. Akaining'inia kwa mwili wake wote, mpaka ikasalimu amri. Maji yakakata roho.

"Umekanyaga nyasi!"

"Nimekanyaga, mzee. Chai yako inapoa."

Mwalimu akamtazama binti aliyelowa hadi magotini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Huyu amefaulu," akasema. Kisha akamgeukia Mkuu na sinia lake. "Nawe, ndugu mhudumu, nipatie kikombe kimoja. Sukari kidogo."

Kesho yake Mkuu akazizungushia kamba nyayo za binti zilizobaki nyasini, ziwe ushahidi wa kosa. Wageni wakadhani ni kumbukumbu ya shujaa, wakawa wanapiga picha kandokando yake, na watoto wao wakivuliwa kofia. Wamedhani sawasawa.