Bati la Pikapu ya Mama Mikate

Jumatatu, 9 Februari
Pikapu imezimika tena kwenye kilima cha makaburini. Mara ya tatu mwezi huu. Asubuhi hupanda vizuri. Mchana, injini ikishapata moto, hukohoa, hulegea, husimama. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikapanda kwa miguu kumsalimia mke wangu. Nikamwambia gari liko chini linapumzika.

Nyumbani nilimkuta shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Anaitaka pikapu kwa ajili ya kuku. Si kuwabebea, ni kuwalaza. Atang'oa injini, bodi ataiweka nyuma ya nyumba yake. Binti yangu naye amechoka kuja kuniokota barabarani. Wakaamua mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti: isipofika juu Jumapili mchana, shemeji anaichukua.

Mke wangu, Mama Mikate, aliiendesha miaka kumi na tisa, mimi pembeni, trei za mikate mapajani. Haitalaliwa na kuku.

Jumanne, 10 Februari
Nimekwenda kwa fundi. Nikasema ni gari la rafiki. Akasema basi nimwambie huyo rafiki kwamba injini inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na ekzosi, bomba la moshi. Hewa ya moto ni nyepesi, injini inapumua haishibi. Mzee, akaniuliza, ukikimbia na pua juu ya sufuria inayochemka, utafika wapi? Dawa ni kuweka kizuizi, joto la ekzosi lisifikie mdomo wa hewa. Akasema gari liletwe. Nikamshukuru, nikaondoka upesi. Kizuizi hata mimi naweza.

Kwanza vipimo. Nikachukua kipimajoto tulichokuwa tukimpimia marehemu, nikakilaza karibu na chujio la hewa, injini ikiwaka. Kilifika arobaini na mbili, kikapasuka. Kwa hiyo joto ni zaidi ya arobaini na mbili. Nimeandika.

Nilikaa na vile vipande mkononi. Alipokuwa na homa nilimfunika mablanketi matatu. Alikuwa akiyasukuma na kucheka kidogo, akisema mimi nikimpenda mtu namfunika mpaka akose hewa.

Jumatano, 11 Februari
Kazi siku nzima. Nimekata trei kubwa ya kuokea, nikaipinda iwe ukuta. Juu yake foili, safu nne. Nikazungushia ekzosi, na kwa kuwa bomba la hewa liko hapo hapo, nikalizungushia pia. Kifurushi kimoja, waya umekazwa kwa koleo. Joto halina pa kutokea. Kinang'aa vizuri. Nimefunga boneti nikiwa na amani.

Alhamisi, 12 Februari
Haikufika hata kwenye kilima. Imezimika mbele ya geti la shule, watoto wakiwa mapumziko. Nilipofungua boneti, joto lilinirudisha nyuma hatua mbili. Shemeji akapita, akachungulia, akauliza nimeoka nini humo na kitaiva saa ngapi. Nikamwambia aende zake. Akasema anakwenda kuwapimia kuku vyumba.

Binti yangu alikuja na kamba ya kuvutia. Aliiona trei. Ina kona moja iliyobonyea, pale mama yake alipokuwa akiigonga mezani mkate utoke. Akapitisha kidole kwenye ile kona. Kisha akafunga kamba. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 13 Februari
Nimemwita fundi. Hakuuliza habari za rafiki yangu. Alifungua boneti, akaigonga foili kwa ukucha. Kisha akasema, mzee, umemfungia mgonjwa chumba kimoja na jiko.

Akafungua kifurushi chote. Akaonyesha matundu manne matupu ya bolti. Hapa, akasema, kulikuwa na bati la kiwandani la kazi hii hii. Nani kalitoa? Nikasema sijui. Labda wezi.

Akaenda kunawa kwenye pipa la maji. Akainua kifuniko. Akakigeuza. Matundu manne, upande mmoja una masizi. Akanitazama.

Ikabidi niseme. Mwaka jana, siku niliyompeleka mke wangu hospitali, bati lile lilikuwa limelegea. Kwenye kila shimo la barabara linagonga, na kila likigonga anafumba macho. Nikasimamisha gari kando ya njia, nikalifungua kwa spana, nikalitupa nyuma. Tukaendelea kimya. Akasema, sasa afadhali, baba. Yeye hakurudi nyumbani, wala mimi sikulikumbuka tena lile bati kama ni la gari. Pipa halikuwa na kifuniko.

Fundi hakucheka. Alilifuta bati kwa shati lake mwenyewe, akalirudisha, na kila kona akaweka kipande cha mpira lisigonge tena. Mdomo wa hewa akausogeza mbele, nyuma ya taa. Kabla ya kuondoka akagonga rejeta kwa kidole akaniambia, mzee, hii ndiyo inayopoza injini, iachie upepo wake, usiiguse. Nikaitikia.

Jumapili, 15 Februari
Saa nane mchana, jua kali. Binti yangu pembeni, shemeji nyuma na gari lake na kamba tayari. Gia ya pili. Pale penye mti uliokatika, inapozimika kila mara, pikapu ilivuta pumzi moja ndefu, ikapanda. Ikafika. Binti yangu akaipigapiga dashibodi kama mama yake. Shemeji akakunja kamba, akasema, haya shemeji, kuku watalala nje.

Nikamwambia mke wangu nimekuja na gari mpaka juu. Bati limerudi. Haligongi.

Jioni nimefungua boneti nitafakari. Ni wazi nilikuwa sahihi tangu Jumanne: kitu kikiwa na joto kifunikwe. Fundi amebadilisha mambo madogo tu. Nikaigusa rejeta. Imeniunguza vidole viwili. Imekaa mbele kabisa, wazi, inapigwa na upepo kila kona, na hakuna aliyeihurumia. Fundi alisema nisiiguse, lakini kuifunika si kuigusa.

Foili imebaki nusu. Kesho asubuhi naifunika, mbele na nyuma, safu nne, isipitishe upepo hata kidogo.