Kibati cha Redio ya Mzee Niyibizi

Jumanne, 1 Agosti 1995

Kasulu. Leo nimeamua kuoa, nikatuma na posa. Immakulata mwenyewe sijamuuliza, lakini hilo ni jambo dogo. Kikwazo ni baba yake, Mzee Niyibizi wa Heru Juu. Jumapili atatamka nani apewe binti: mimi Longinus, fundi redio ninayeheshimika, au Pasikali, mwimbaji wa besi katika kwaya, mwenye shingo kama kinu.

Pasikali ananizidi kitu kimoja. Kila jioni yuko uani kwa Mzee pamoja na majirani, wanasikiliza redio na kunywa pombe ya ndizi. Mimi sina sababu ya kwenda. Natafuta sababu.

Jumatano, 2 Agosti

Sababu imepatikana. Nimempitia Mzee, nikamwambia redio yake imejaa vumbi, niisafishe bure. Akanibariki. Masikini wa Mungu.

Ndani ya tundu la hedifoni mna kibati chembamba. Ukichomeka pini, kibati kinasukumwa, spika inakatika, sauti inakwenda masikioni. Redio haina akili ya kujua umechomeka nini. Hata kijiti cha ufagio itakiamini. Basi nikakipinda kibati, kikabaki kimesukumwa. Sasa redio inadhani hedifoni imo ndani siku zote. Spika kimya. Na Heru Juu nzima hakuna hedifoni isipokuwa yangu. Nimerudi mjini napiga mluzi.

Alhamisi, 3 Agosti

Mzee ametuma mtu: redio imekuwa bubu. Nikafika na hedifoni tayari shingoni. Nikatoa taarifa kwa masikitiko kwamba spika imezeeka, ila kwa hedifoni habari zitasikika.

Nilipanga Mzee avae, mimi nikae upande wa jikoni kwa Immakulata. Mzee akagoma. Alisema mwenye nyumba hasikilizi peke yake huku wageni wanamtazama, hiyo ni sawa na kuinamia chungu cha pombe na kuwanyima watu mrija. Akaamuru nivae mimi, ninachosikia niwatangazie wote.

Mimi, mtangazaji! Immakulata alinitazama mara mbili. Labda tatu.

Ijumaa, 4 Agosti

Jana niliwapa habari za kweli. Hakuna aliyenisifu. Leo nimetia chumvi. Nimesoma salamu za msikilizaji wa Kigoma kwenda kwa fundi Longinus, kijana mchapakazi asiye na makuu. Kisha mtaalamu wa afya akaeleza kwamba kuimba besi kunalegeza figo.

Majirani walimtazama Pasikali kwa huruma. Pasikali akauliza mtaalamu huyo anaitwa nani. Nikasema mawimbi yamekatika.

Jumamosi, 5 Agosti

Aibu. Nimejifungia ndani.

Nilikuwa nimefika pazuri. Nilikuwa natangaza kwamba serikali inawahimiza wazazi wawafikirie mafundi kwanza. Immakulata akapita na chungu cha pombe, akakanyaga waya. Pini ikang'oka kiupande, ikakirudisha kibati mahali pake. Spika ikafufuka. Hedifoni yangu ni ile kubwa, inaziba masikio barabara. Nikaendelea, macho nimefumba, kuhusu tabia njema za mafundi. Redio nayo, kwa sauti ya kutosha kijiji, ilikuwa inafundisha dawa ya minyoo ya mbuzi.

Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa na pombe. Pasikali peke yake hakucheka. Alikuwa anajipapasa kiuno.

Immakulata aliniambia taratibu kwamba waya aliukanyaga kwa makusudi. Baba yake ameimba besi tangu ujana, na figo zake ni nzima.

Jumapili, 6 Agosti

Baada ya ibada Mzee aliniita. Nilitegemea fimbo. Akanipa kigoda, akanipa na mrija. Ningependelea fimbo.

Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba jibu alikuwa nalo tangu Jumatano. Siku ile nilipoondoka, Immakulata alimwambia ananitaka mimi, kijana anayesaidia bila kuombwa. Mzee akakubali. Walingoja Jumapili kwa heshima ya Pasikali tu. Jana usiku binti amebadili neno lake mwenyewe. Anaolewa na Pasikali, mavuno yajayo.

Kumbe nilikuwa nimeshapewa. Ningeisafisha tu redio, nikarudi nyumbani nikala ugali wangu! Nimelia njia nzima hadi mjini. Moyo unauma kweli, sifanyi mchezo.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimetafakari kwa kina, kosa nimeliona. Waya ulikuwa mfupi, ukaning'inia miguuni mwa watu. Leo nimeuunga, unaweza kuzunguka ukutani bila mtu kuugusa.

Naandika nikiwa ndani ya basi la Kibondo. Nasikia kule Busunzu kuna mzee mwenye redio kubwa na binti ambaye hajaposwa. Nimeshamtumia salamu kwamba nakuja kuisafisha bure.