Uzinduzi wa Herufi Nene za Soko la Muthara

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi ambaye hakuweza kufika, mheshimiwa uliyetumwa kumwakilisha mwakilishi huyo, Chifu wetu, wazee wa baraza la Njuri mlioketi kivulini, Pasta Muthamia uliyetuombea kwa ufupi usio wa kawaida, akina mama wa soko, vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu: Muga! (Watu: Muga muno!)

Mimi, Daktari Mhandisi Ngari, Mwenyekiti wa Kamati Teule ya Mwonekano wa Masoko, nasimama hapa Muthara nikiwa na furaha ambayo nisipojizuia nitacheza. (Anacheza. Vigelegele.) Kwa miaka mingi mabango yetu yameandikwa kwa herufi nyembamba zenye ncha kali, herufi za njaa, herufi ambazo mtu akizisoma anahisi anaitwa kortini. Leo hayo yamekwisha. Tazameni juu: SOKO LA KISASA MUTHARA, kila herufi nene, kila kona imeviringwa, zote zimenona kama ndizi za soko la Gakoromone, na katikati ya ile O ya kwanza ndama anapita bila kuinama. (Makofi.)

Haikuwa rahisi. Tulifanya public participation katika hoteli moja pale Makutano, tukala nyama, na wajumbe waliotaka herufi za mraba wakabadili mawazo kabla ya chai. Tukaenda benchmarking Mombasa, kujifunza kwa wenzetu, tukachunguza maandishi ya kila duka la aiskrimu, tukathibitisha kisayansi kwamba mviringo unapunguza hasira ya mwananchi kwa asilimia sitini na nne. Tulipozinenepesha kupita kiasi, tundu la A likaziba, ikabidi turudi Mombasa. (Kicheko.) Sasa hata shosho mkongwe asiye na miwani anasoma akiwa ng'ambo ya bonde, na hayo, ndugu zangu, ndiyo maendeleo jumuishi yenye mtazamo wa kimkakati.

Naona mkono. Ni Kathambi, mama wa maharagwe. Sema, mama.

(Kathambi: Mheshimiwa, bango tumeliona, ni zuri. Lakini mvua huninyeshea hapa chini na maharagwe yanaota ndani ya gunia. Mwaka huu sijauza hata nusu. Sokoni tunaingia lini?)

Mama, umeuliza swali la awamu ya pili na sisi bado tuko awamu ya kwanza. (Minong'ono.) Lakini nimelipenda, na nitaliundia kamati ndogo.

Nikimalizia, namshukuru fundi Muthomi. Nilipomwambia kwamba herufi za unene huu haziwezi kukatwa kwa mabati machache, hakubishana na mkubwa, alichukua mabati yote ya paa la soko. (Watu wanageuka kutazama juu.) Nawashukuru vijana waliobeba nguzo zote za soko zikaja kushikilia bango, maana herufi zilizoshiba ni nzito. Nawashukuru pia nyinyi wachuuzi mlioachia kiwanja chenu, kwani misingi ya bango imekimaliza chote, na sasa Muthara ina jina la soko linaloonekana kuliko soko lolote nchini.

Muthara, nene! (Mtu mmoja: Nene.) Muthara, mviringo! (Kimya.)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Dereva, leta gari karibu. Hiyo mvua imeshafika, kila mtu atafute pa kujikinga.