Ngao ya Rivolva na Chumba cha Nyuma

Jumapili, 29 Septemba

Nimetoka kanisani na mpango. Mahubiri yalikuwa marefu, nafasi nikaipata.

Mashindano ya shabaha ya kufunga msimu ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, na safari hii ngao ya rivolva ni yangu. Haina budi kuwa yangu. Nimeweka rehani chumba.

Chumba chenyewe ni kile cha nyuma, dirisha lake linatazama maghala ya mahindi. Humo mna mashine yangu ya kujazia risasi, redio, na amani. Mke wangu Nadine anakitaka kwa ajili ya cherehani na mablanketi yake ya viraka. Mwezi wa nne nilimwambia, kwa ulimi wangu mwenyewe na mbele ya dada yake, kwamba nisipoleta ngao msimu huu achukue chumba. Nilikuwa nimekula pai ya pichi, vipande vitatu. Mtu aliyeshiba huahidi ovyo.

Leo nimemkuta humo na utepe wa kupimia. Nimemwuliza anapima nini. Akasema anapima dirisha tu, kupima si dhambi.

Niliingia kwenye rivolva miaka sita iliyopita kwa hesabu kali. Klabu yetu imejaa watu wa bastola za magazini, zile zinazochomekwa kasha la risasi mpinini, vijana wenye mikono myepesi na viatu vya kukimbilia. Wa rivolva tuko watatu tu. Watatu! Nikajiambia, hapa hata nikisinzia napata kitu. Tangu siku hiyo nimekuwa wa tatu kila mwaka.

Kwa hiyo mpango ni huu: nisihangaike kupanda juu. Nipunguze watu.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimeanza na Burl Hatcher. Mstaafu wa posta, shemasi, macho yamechoka. Mwezi wa tano alipiga shabaha ya kituo cha jirani badala ya yake na kuomba radhi kwa mti. Bado hunishinda, kwa sababu hana haraka na mimi ninayo.

Alikuja dukani kununua mkanda wa mashine ya kukatia nyasi. Mimi ndiye ninayeuza vipuri vya trekta mji mzima, kila mtu lazima apite mbele yangu siku moja. Nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba macho kama yake yanadai bastola ya magazini yenye ile nukta nyekundu ya kulengea. Rivolva inamtesa bure. Nikamwazima ya kwangu, na mfuko wake.

Machozi yakamlengalenga. Alinishika mkono juu ya kaunta, akasema, "Ndugu Verlin, Mungu akuzidishie." Wateja wawili wakatazama pembeni. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikaenda kula.

Mmoja ametoka.

Jumatano, 2 Oktoba

Amebaki Gaylon Pruitt. Mfugaji wa bata mzinga, bingwa wa rivolva tangu kabla sijajua rivolva ni nini. Ubaya wake ni kwamba ni mpole. Mtu akiishiwa risasi, Gaylon anampa. Mtu akianguka, Gaylon anamwinua. Huwezi kumchukia hadharani, unachukia nyumbani.

Huyu nimemwendea kwa pete. Rivolva inakula risasi sita tu, kisha unajaza upya huku saa inakimbia. Ndiyo maana tunazipanga sita kwenye pete nyembamba ya chuma, zinaingia kwa mkupuo mmoja. Lakini pete ikipinda hata unene wa kucha, silinda inagoma kuzunguka, na wewe unabaki unavuta kifyatuo kama unakamua ng'ombe mkavu. Kila mwenye akili huzijaribu pete zake moja moja kabla ya mashindano. Mimi huwa sina muda.

Situpi kitu, kwa hiyo nina kopo zima la kahawa la pete zilizopinda. Nikachagua zilizopinda kwa adabu, zisizoonekana kwa jicho. Nikatia kwenye kifuko cha kitambaa, nikaandika juu yake kwa mkono wangu: ZILIZO BORA, NIMEZICHAGUA MWENYEWE. Nikampelekea Gaylon bandani kwake.

Alivua kofia. Alisema hajawahi kupewa zawadi na mshindani. Akanipa bata mzinga mzima aliyekwisha nyonyolewa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tumekula yule bata mzinga. Mtamu. Nadine ameuliza Gaylon ametupa kwa sababu gani. Nikasema urafiki. Akaniangalia mpaka viazi vikapoa.

Jumapili, 6 Oktoba

Mambo yamenyooka kupita kiasi! Nimekutana na Gaylon mlangoni mwa kanisa. Binti yake anayeishi mji wa Tulsa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, Gaylon na mkewe wanaondoka Alhamisi. Hatapiga Jumamosi. Akanigonga begani akasema, "Ngao mwaka huu ni yako, mzee. Na umeisubiri."

Nikampongeza kwa kelele nyingi mno, mchungaji akageuka.

Basi nimebaki peke yangu. Kitengo cha rivolva ni mimi. Hata nikipiga mawingu nimeshinda. Nimerudi nyumbani nikapigilia msumari katika ukuta wa chumba cha nyuma, juu ya redio. Nadine aliusikia mlio akaja kutazama. Aliunyoosha kidogo tu, ulikuwa umeenda upande.

Jumanne, 8 Oktoba

Balaa!

Peg Lindqvist, mama anayeendesha mashindano, amenipigia simu dukani. Anasema kitengo chenye mtu mmoja hakipewi ngao. Wakiwa wawili, sawa. Akiwa mmoja, anatupwa pamoja na watu wa magazini na kuhesabiwa nao. Nikasema hiyo sheria ameitunga leo asubuhi. Akasema iko ukutani kwenye kibanda cha klabu, juu ya birika la kahawa, na kwamba nimesimama chini yake nikinywa kahawa miaka sita.

Nikamwambia ni uonevu. Akanijibu, "Verlin, mtu hashindani na kivuli chake. Ukiwa wa kwanza kati ya mmoja, wewe ndiye wa mkia pia."

Huyu mama ana ulimi.

Jioni nikaenda mbio kwa Burl kumrudisha kwenye rivolva. Nikamkuta uani, miwani ameweka mfukoni, furaha tele. Anasema kwa ile nukta nyekundu anaona shabaha kama alivyokuwa anaona alipokuwa kijana. Nikamwambia rivolva ndiyo heshima ya mwanamume. Akasema heshima ameshakuwa nayo muda mrefu, sasa angependa kupiga kitu. Kisha akaniombea, hapohapo, mkono kichwani kwangu. Jirani yake alizima mashine ya nyasi ili asituvuruge.

Usingizi hauji. Nikifumba macho nakiona chumba kina mapazia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata! Na alikuwa mbele yangu muda wote, akikata mkate.

Nadine. Aliwahi kupiga makopo shambani kwa baba yake, rivolva haimtishi. Nikamweleza kwa ufupi: ashike ile rivolva yangu ya zamani, asimame, apige taratibu, ashike nafasi ya pili, arudi nyumbani. Anasaidia familia.

Aliweka uma chini. Akauliza, yeye akijiandikisha, ngao itatolewa? Nikasema ndiyo. Akauliza, itatolewa kwa mshindi wa rivolva, yeyote yule? Nikasema ndiyo, ndiyo, mwanamke, ndiyo maana yake.

Akasema, "Basi sawa."

Hakusita hata kidogo! Wanawake wengine wangekumbuka habari za chumba, wangenigomea. Mke mwema ni taji ya mumewe. Nimemwoshea sahani, zote isipokuwa sufuria.

Alhamisi, 10 Oktoba

Peg amempa Nadine somo la usalama, lile la lazima kwa wageni. Mtutu haugeuki nyuma, kidole hakikai kwenye kifyatuo wakati unatembea. Peg anasema hajawahi kupata mwanafunzi msikivu hivyo. Ameongeza kwamba mimi somo hilo nilirudia. Hilo halikuwa na haja ya kusemwa.

Gaylon alipita nyumbani nikiwa kazini, njiani kwenda Tulsa. Nadine anasema kuna kitu amerudisha, kwa heshima zote. Nilikuwa natafuta soksi zangu za bahati. Nikamwambia akiweke panapostahili. Nikamwachia na kazi ya kufunga mikoba yetu yote miwili, maana bingwa hapaswi kuchoka kabla ya siku.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika.

Asubuhi ilikuwa njema. Jua, baridi ya kuvumilika, maharage yenye nyama yakichemka kibandani. Tukakagua kituo cha kwanza kama kawaida yetu: watu wazima wenye wajukuu wakizunguka kuta za mbao, vidole vimenyooshwa mbele, wakipiga shabaha kwa midomo. Mimi nilizunguka mara moja. Nadine alirudia na kurudia, akihesabu kimyakimya: hapa sita, hapa najaza, hapa sita. Nikamwambia asijichoshe.

Kila mtu akishapiga, wengine huenda kubandika viraka kwenye matundu ya shabaha za karatasi na kuinua zile za chuma. Nadine alibandika kila kiraka kilichokuwepo. Vimenyooka, pembe kwa pembe. Mimi nilikuwa na kahawa. Peg akapaza sauti kwamba viraka havijibandiki vyenyewe, Verlin.

Zamu yangu. Peg akasimama nyuma yangu na ile saa yake ya mlio. Akaniuliza kama niko tayari. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema nisubiri. Mlio!

Nilitoka kama moto. Risasi sita za kwanza zilikwisha kabla sijaziona zilikokwenda. Nasikia mbili zilipata. Nikachomoa pete mpya kwenye mkanda, nikatia, nikafunga, nikavuta. Silinda ikagoma. Nikavuta kwa vidole viwili. Ikagoma. Nikatoa ile pete, nikatia nyingine. Ikagoma. Burl akanishangilia kutoka nyuma, "Vuta, ndugu! Bwana yu pamoja nawe!" Nikatia ya tatu. Saa inakwenda. Mtu mmoja wa magazini akatafuta mahali pa kukaa.

Pete za mkanda zote zilikuwa zimepinda. Na za mkobani pia. Zimepinda kwa adabu, hazionekani kwa jicho.

Nilizijua.

Vituo vilivyobaki nilipiga kwa kutia risasi mojamoja kwa mkono, kama mtu anayepanda maharage. Hata Peg hakunitania, na hilo liliniuma kuliko kutaniwa.

Nadine alipiga anavyoshona. Hakimbii. Anafika, anasimama, anapiga, anatazama kama amepata, anaendelea. Alama hugawanywa kwa muda, na muda wake haukuwa mzuri, lakini kila risasi ilikuwa mahali pake, na silinda yake ilizunguka kila mara. Alipoangusha sahani ya mwisho ya chuma watu walipiga makofi. Mimi pia. Mikono ilikwenda yenyewe.

Nilimvuta kando nikamwuliza, kwa utulivu, zile pete zimetoka wapi. Akasema ni zile alizorudisha Gaylon. Gaylon alisema moyo umemsuta, hawezi kumnyang'anya rafiki pete zake bora wakati mwenyewe ana mashindano. Nadine akaona maandishi kwenye kifuko. "Mwandiko wako, Verlin. Umeandika bora. Nikakuwekea wewe zote. Mimi nikachukua zile za kawaida, nikazijaribu mojamoja kwenye silinda, Peg alinifundisha."

Nikampokea koti.

Peg akampa Nadine ngao. Mbao nzuri, rivolva ya shaba katikati. Picha ikapigwa, nami niko pembeni nimeshika makoti. Burl ameshika nafasi ya kumi na moja kati ya watu wa magazini, amelia tena.

Inaniuma. Nilikitaka kile chumba, na nilitaka angalau mara moja jina langu lisomwe kwanza. Hata hivyo haki isemwe: leo nimekuwa wa pili. Sijawahi kufika juu hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Gaylon amepiga simu kutoka Tulsa. Mjukuu wa kike, wote wazima. Aliuliza kama pete zangu zilinisaidia. Nikasema zilifanya kazi yake.

Tumehamisha chumba baada ya ibada. Cherehani iko dirishani. Mashine yangu ya risasi iko kwenye korido ya kufulia, kati ya sabuni na boila, na redio haishiki stesheni huko. Ngao imening'inizwa kwenye msumari wangu. Imenyooka kabisa.

Nimekaa nikafikiri kwa makini nilikosea wapi, maana mtu asiyejifunza ni mjinga. Nimeliona. Kosa ni rivolva. Kitengo kimejaa watu mno.

Kwa hiyo nimempigia Peg nikamwuliza, kama siulizi, kitengo cha bastola za baruti nyeusi, zile za kizamani za kushindilia, mwakani kina watu wangapi. Akasema hakuna hata mmoja.

Hata mmoja! Nimemwambia aniandike upesi, kabla habari hazijasambaa. Akauliza kama nina hakika. Akauliza tena kama huwa nasoma kitu chochote ninapokunywa kahawa. Sijui kahawa imeingiaje hapa.

Wakati wa chakula nimemtangazia Nadine: mwakani ngao ya baruti nyeusi inaingia nyumba hii, na nisipoileta, achukue kiti changu cha kuegemea, kile cha mbele ya televisheni. Ilikuwa pai ya tufaha.

Ameinuka kwenda kutafuta ule utepe wa kupimia.