Mjomba Avaa Joho

Jumanne, 19 Novemba 2024. Kibiti.
Muzdalifa kapiga simu. Anahitimu ualimu Ijumaa, chuoni Dar! Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Zaitun, mkulima wa mpunga kule Mbwera. Kadi za mwaliko mbili. Moja ya mama yake, lakini mguu umemvimba, hasafiri. Nyingine ya baba yake mdogo, Abdalah. Na ile ya dada? Abdalah keshaidaka, anakwenda na mkewe! Nikasema hongera mwanangu. Nikakata simu. Chai imenishinda.

Jumatano, 20 Novemba.
Nimepata akili. Zamani mhitimu alirudi na cheti kwenye bahasha, akala wali, basi. Siku hizi mashada ya kumeremeta shingoni, keki, matarumbeta, ukoo mzima sare. Katika vurugu hiyo, nani atamshuku mzee aliyevaa joho? Nimempelekea fundi Mudy kitambaa cheusi. Kauliza baibui la nani. Nimemwambia ashone.

Ijumaa, 22 Novemba. Dar.
Nimeingia! Mlinzi kaniamkia shikamoo mwalimu. Nikaitikia kwa sauti nzito. Nikajipenyeza kwenye mstari, nikakaa na wahitimu. Joto! Joho likaanza kutoa rangi, shingo nyeusi. Mkuu wa chuo akaamuru wa ualimu wasimame. Nibaki nimekaa peke yangu? Nikasimama. Akawatunuku shahada. Akatutunuku, kwa kweli. Muzdalifa akageuka, akaniona, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kofia hiyo ndiyo iliyonichongea, watu wote wakageuka kunitazama. Walinzi wakanitoa taratibu, kwa kuheshimu mvi. Wakamuuliza Abdalah kama ananijua. Kasema hanijui!

Jumapili, 24 Novemba. Mbwera.
Tumefika kwa boti, Muzdalifa, Abdalah na mimi. Abdalah hajanisemesha njia nzima, nami sikumlazimisha. Dada kaketi kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Swali la kwanza: lile joho la kwenye picha liko wapi? Muzdalifa akainama. Lilikuwa la kukodi, alisharudisha. Nikafungua mfuko wangu.

Muzdalifa hakulivaa. Alimvika mama yake. Dada akaipapasa mikono ile mipana ya joho, akauliza huko chuoni watu waliambiwa nini waliposimama. Muzdalifa akataka kujibu, kilio kikamzidi.

Abdalah akakohoa. “Sema wewe, Gharibu. Si ulikuwepo?”

Nikasimama. Nikasema yote niliyoyakumbuka, mengine nikayatunga. “Zaitun, nakutunuku shahada!” Akataka kuinuka kwa mguu ule ule. Tukamdaka, Abdalah huku, mimi huku. Akasimama. Majirani wakapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Shingo yake nyeusi tii, na kakataa kuoga mpaka kesho.

Jumatatu, 25 Novemba. Kibiti.
Nimerudi. Mke wangu Thuwaiba ameshasikia yote. Kauliza kama nimepata fundisho. Nimemjibu, kubwa sana, sirudii tena. Akafurahi. Akanipa habari: Hadija wa jirani anahitimu uuguzi mwezi ujao. Sisi hatumo kwenye kadi. Hatumo! Na mtoto tumemlea wenyewe!

Wauguzi si huvaa nyeupe? Shuka letu jipya liko kambani. Limekauka vizuri.