Farasi Hamsini na Tatu Walioshindwa Mlima wa Kiroka

Mafiga, Morogoro
14 Machi 1994

Kwa Ndugu Mikidadi,
Muuza Pikipiki za Mitumba,
Dar es Salaam.

YAH: FARASI WASIOONEKANA KATIKA PIKIPIKI YETU

Shikamoo. Natumaini biashara inachanganya, maana siku hizi za ruksa kila kitu kimeingia nchini, hata pikipiki ya silinda nne. Mimi ni Anastasia, mke wa Eustace, dereva wa trekta wa shamba la miwa. Ndimi niliyekuwa nanyonyesha dukani kwako huku ukiisifia injini. Nimeishia la saba, lakini masikio ninayo. Ulisema, "Shemeji, hapo mtakalia farasi hamsini na tatu!"

Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Farasi hao hatuwaoni. Eustace anaiendesha kwa adabu kama trekta lake: gia kubwa, mafuta kidogo, injini ikinguruma polepole. Shambani kwao anayepigisha injini kelele huambiwa anaua mali ya watu. Kihonda kwenye tambarare tunakwenda vizuri tu. Tukifika mlima wa Kiroka inakohoa, inatetemeka, inazima. Trekta lina farasi wachache kuliko hao na linavuta tela la miwa! Sasa hawa wako kazi yao nini?

2. Ile saa ya mizunguko ina namba mpaka kumi na nne. Mshale haujawahi kupita tatu. Kama namba zilizobaki ni urembo, ungetuambia mapema.

3. Fundi Dennis anasema injini ina nguvu mbili, ya kukimbia na ya kuvuta, na hiyo ya kuvuta mafundi huiita toki. Basi naomba utoe farasi thelathini, utuwekee ng'ombe wanne. Sisi hatuna haraka, tunataka kufika.

4. Jirani yangu Mwamvita kila akituona tunarudi tunaisukuma, anauliza, "Haya mama, leo nani kambeba mwenzake?"

5. Hili ndilo linaloniuma. Kwetu Matombo jina la bibi halimshiki mjukuu mpaka bibi mwenyewe ampakate na kulitamka. Mama yangu, Josephina, yuko huko ng'ambo ya Kiroka, mguu haumruhusu kushuka mjini, na malori hayapandi tangu mvua zianze. Mwanangu ameota jino hana jina. Mwamvita anamwita Silinda, na mtoto ameshaanza kuitika.

6. Kwa hiyo iwekwe sheria: pikipiki isiuzwe mpaka muuzaji mwenyewe ampakie mama mkwe wake pamoja na mkungu wa ndizi, wavuke Kiroka. Mkwe akishuka njiani, muuzaji asukume. Na Serikali iache kabisa kuhesabu farasi, ambao Morogoro hatunao. Iandikwe tu, "Injini hii ni ya wakwe wawili." Hapo hata mimi wa la saba nitajua ninachonunua.

Nisalimie mkeo, watoto, mafundi wako wote, na hao farasi wengine uliobaki nao dukani. Eustace angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Wako mwenye matumaini bado,
Anastasia, mama wa mtoto asiye na jina

Nyongeza: Barua imekawia kwa kukosa stempu, na Jumamosi tumejaribu tena. Kufika Kiroka ikazima kama kawaida. Eustace akashuka kwenye tope asukume, akaniacha juu, mtoto mgongoni. Akaiwasha tena, akaitia gia ya kwanza, akasema, "Achia klachi taratibu, mama, na moto, huo mkono wa mafuta, usiuguse." Ndugu Mikidadi, niliteleza kidogo nikamwogopea mtoto, nikakaza mkono, na moto wote ukawa ndani ya mkono huo. Mshale ukapita tatu, ukapita saba, ukafika kumi na moja! Farasi wako wote wakaamka kwa mpigo. Nilipanda mlima ule peke yangu, mtoto anacheka, mume anapiga kelele nyuma, "Unaua injini!" Sikusimama mpaka juu, kwa kuwa kusimama sikuwa nimefundishwa.

Eustace akafika kwa miguu, kajaa tope mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Panda nyuma, baba, umshike mtoto."

Mama amempakata. Anaitwa Josephina.

Hoja zote zifutwe, ng'ombe usilete. Ila ukipata kofia ya pikipiki ya kichwa cha mwanamke aliyesuka, niwekee.